Baiskeli Isiyo na Breki

Jirani yangu Mosi aliwahi kuniuliza, "Mtu na baiskeli, nani humwendesha mwenzake?" Jibu nililipata enzi ya Mjerumani, kwenye gari moshi la kwenda Morogoro. Kijana Yunusi alikuwa akimkabidhi Mzee Kibwana baiskeli ya mahari. Mzee ni mjomba wa mchumba wake, na kwetu Uluguru mjomba ndiye anayeozesha.

"Breki nimeing'oa, mjomba, nikaweka shanga za pambo. Gurudumu likizunguka, pedali nazo zinazunguka."

"Nami nakaa mlimani! Unataka mke au matanga?"

"Kuisimamisha unakaza miguu tu."

Behewa zima lilicheka. Mimi mjane, tasbihi mkononi, nilistaghfiru baadaye.

"Basi teremka nayo wewe, toka kwangu mpaka sokoni Mkuyuni. Ukifika na meno yote, nakuozesha."

Gari moshi likasimama Kingolwira, kabla ya kufika Morogoro. Yunusi, mwenye tiketi ya Morogoro, akabeba baiskeli yake akashuka.