Dorkas Eliezeri Mbwambo, Mtunza Nyayo za Watoto

Marehemu Dorkas Eliezeri Mbwambo alizaliwa tarehe 14 Machi 1994 hapa Suji, wilaya ya Same, akiwa kitinda mimba wa Mzee Eliezeri na marehemu Mama Nakijwa. Mama alifariki Dorkas akiwa hajaanza kutambaa. Alilelewa mgongoni mwa dada yake mkubwa, Lukia, ambaye hakupelekwa shule kwa kuwa nyumbani hapakukosa mtoto wa kubeba. Hakuna aliyempiga picha Dorkas utotoni. Alipokua aliuliza, "Dada, nilikuwaje?" Lukia akamjibu, "Ulikuwa mzito." Dorkas alicheka, lakini swali lile hakuliacha.

Alisoma shule ya msingi hapa kijijini, akamaliza kidato cha nne mjini Same mwaka 2012. Sare yake ilifuliwa jioni na kuvaliwa asubuhi ikiwa na unyevu, maana ukungu wa huku hausubiri mtu.

Mwaka 2014 aliajiriwa katika steshenari moja karibu na stendi ya Same, akitoa kopi na kusafisha picha. Huko ndiko alikojifunza kutengeneza albamu za familia za kwenye simu: picha za zamani, majina, na sauti za mabibi wakisimulia kwa Chasu, lugha yetu ya Kipare. Baadaye akaanza kazi ya mikono. Alishona kofia za watoto kwa vipande vya vitenge vya mama zao. Alichukua jasi ya Makanya, akaichoma, akaitwanga na kuichekecha, akakanda uji mzito na kukandamiza humo miguu ya watoto wachanga. Ikikauka, unyayo unabaki.

Mama mmoja wa Kimaasai wa tambarare, Noonkipa, alimleta mwanawe Parsimei. Mtoto alipiga mateke, jasi ikaruka hadi kwenye shuka la mama yake. Noonkipa akasema, "Dada, sisi ng'ombe tunampiga chapa asipotee. Huyu wangu unampiga chapa ya nini?"

Dorkas akamjibu huku akijifuta uso, "Ng'ombe hupotea siku moja moja, mama Parsimei. Mtoto mchanga hupotea kila siku. Kesho humwoni tena alivyokuwa leo."

Tarehe 18 Septemba 2021 alifunga ndoa na Anthony Loth wa Hedaru. Tarehe 2 Juni 2024 walijaliwa mtoto wa kiume, Majaliwa. Dorkas aliandaa jasi siku ileile aliyotoka hospitali. Mama mkwe wake akamzuia: "Subiri kwanza tuone meno yatatokea wapi. Yakianza ya juu, utaweka kumbukumbu ya nini?" Wazee walimhesabu mtoto wa meno ya juu kuwa mkosi. Dorkas alimheshimu, akasubiri. Meno yalianza ya chini, kama yanavyotakiwa. Lakini wakati huo yeye alikuwa hawezi tena kuinuka.

Alianza kuvimba miguu na kuishiwa pumzi mwezi Januari 2025. Madaktari walieleza kwamba moyo ulikuwa umepanuka. Tarehe 9 Machi aliletwa Suji kwa gari, na begi moja. Mtoto alikuwa bado ananyonya. Hakuletwa. Aliambiwa na wakwe, "Kapumzike kwenu mpaka upone."

Dorkas hakudai mengi. Aliomba mguu mmoja wa mwanawe ubaki kwenye jasi, auone. Siku ya gulio Lukia aliteremka Hedaru kwa mama mkwe wa Dorkas na mfuko wa unga wa jasi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja kumchukua?"

"Sikuja kumchukua. Naomba mguu mmoja tu, niupeleke kwa mama yake."

"Mguu wa mtoto haupandi mlima peke yake. Na mtoto hatoki hapa."

Anthony alikuwa mlangoni pa duka lake. Aliinama akaangalia simu. Lukia alimwona Majaliwa kwa mbali, juu ya mgongo wa msichana wa kazi, akampungia. Mtoto hakumjua.

Dorkas alipouona mfuko haujafunguliwa, alinyoosha mkono. Alisema, "Nipe simu." Kwa picha alizokuwa nazo alitengeneza albamu ya mwisho, ya mwanawe, akaweka na sauti yake, akisimama kila baada ya maneno machache ili apumue. Akamtumia Anthony. Tangu hapo kila asubuhi alimwonyesha Lukia tiki za ujumbe. Lukia hajui kusoma, lakini rangi anaijua. Zilikuwa za kijivu, za ujumbe usiofunguliwa, mpaka tarehe 21 Mei 2025, alfajiri, Dorkas alipofariki mikononi mwa dada yake.

Mwanamke wa ndoa huzikwa kwa mumewe. Upande wa mume waliulizwa, wakasema waamue wa kwao Dorkas. Kwa hiyo tunamzika hapa, kando ya mama yake.

Marehemu ameacha baba, Mzee Eliezeri, dada, Lukia, kaka, Aminieli, mume, Anthony, na mtoto mmoja, Majaliwa, ambaye hakuletwa leo. Watu waliopita Hedaru wanatuambia ameanza kusimama dede.

Mungu ampumzishe Dorkas kwa amani, na amshike mtoto asianguke huko tusikofika sisi.