Mama Wasiwasi na Siku Tatu za Ukimya

Ijumaa, tarehe 30 Juni, dada yetu mkubwa wa chumba cha mawasiliano anakabidhi funguo baada ya miaka thelathini na miwili ya utumishi. Aliajiriwa kama mpiga chapa. Siku moja alimwona mhandisi wa zamu akihangaika kunakili namba zilizotumwa na setilaiti, akamsaidia, akauliza maana yake, akapelekwa kozi. Mashine ya chapa hakuirudia tena.

Tunamwita Mama Wasiwasi, naye anaitika. Setilaiti yetu hupita ndani ya mikanda ya mionzi inayoizunguka dunia, ikihesabu elektroni zinazokwenda kasi, na elektroni hizohizo ndizo zinazoweza kuiunguza. Basi yeye hufika nusu saa kabla ya wenzake na kukagua nyaya ambazo zimeshakaguliwa.

Katika mwaka wake wa kumi na tisa, jua lilirusha dhoruba. Saa nane mchana hesabu ya elektroni ilipanda hadi mstari wa grafu ukatoka nje ya kioo. Mtafiti mkuu, aliyekuwa ameingoja dhoruba ya aina hiyo miaka saba, alitaka kipimo cha elektroni kibaki kimewashwa. Mama Wasiwasi, mwenye zamu, aliona umeme wa setilaiti unayumba.

"Kaka, ukinikataza, niandikie," alimwambia. "Usipoandika, nakizima."

Mtafiti hakuandika. Mama Wasiwasi akatuma amri ya kuzima, na kabla jibu halijarudi setilaiti ikawa imeshatoka kwenye upeo wetu.

Ilipaswa kuonekana tena baada ya muda wa saa tisa. Haikuonekana. Siku tatu tuliita, kimya. Kwenye korido watu waliacha kuongea Mama Wasiwasi akipita. Mumewe alipiga simu mapokezi kuuliza kama mkewe amekula. Hakuwa ametia kitu mdomoni. Lakini kila mara setilaiti ilipotakiwa kupita juu yetu alikaa kitini akaita.

Siku ya nne asubuhi ikajibu, kwa mawimbi hafifu. Kompyuta yake ilikuwa imejizima na kujiwasha yenyewe. Kipimo kilikuwa salama. Mtafiti mkuu alishuka ngazi mwenyewe kumwona.

"Dada, kilele tumekikosa," alisema. "Lakini jinsi elektroni za mkanda zinavyopungua, tutaona."

Wakaona, miezi mitano mfululizo, na kazi hiyo ndiyo iliyotupa jina. Yeye hajawahi kudai kwamba alikuwa sahihi. Husema hajui kama kipimo kingeungua kweli, na swali hilo humkosesha raha hadi leo.

Nasi hatuna raha. Setilaiti imezeeka, na Jumatatu kiti kile atakikalia mwingine. Ametuachia daftari la kurasa mia mbili na namba ya simu ya nyumbani, kwa sharti moja: setilaiti ikichelewa, tusimpigie, tumpigie ikishafika.

Asante, dada, kwa kuhangaika kwa niaba yetu sote. Tunakuombea afya, wewe na shemeji, na asubuhi nyingi zisizo na zamu.