Chumba Walichokiita Stoo

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka fundi wa mitambo wa hospitali, yule ambaye wauguzi walimwita Mzee Joto. Alifariki Jumanne, akiwa na miaka sitini na mitatu. Wengi mlimjua kwa kofia yake ya sufu na bisibisi aliyoichomeka mfukoni kama kalamu.

Kwa miaka tisa Mzee Joto aliomba jambo moja tu. Hospitali iajiri wahandisi, wachore upya mfumo wa joto na ubaridi wodini. Boila, ule mtambo wa kuchemsha maji ya kupasha joto, ilikuwa kuukuu. Mabomba yalikohoa kuliko wagonjwa. Kila kikao cha bodi alisimama, kila kikao waliguna. Mkewe alimtania: "Baba, ungeniposa kwa bidii hiyo, ningekubali siku ya kwanza!"

Hatimaye wahandisi wakaajiriwa. Mzee Joto ndiye aliyewatembeza, chumba kwa chumba, siku mbili nzima. Yeye anataja, mhandisi anaandika. Upasuaji. Maabara. Wodi ya wazazi. Wakafika kwenye mlango mwembamba wa kijani, mwisho wa korido. Ulikuwa umefungwa.

"Na hapa?" mhandisi akauliza.

"Hapo stoo," akajibu, huku anatembea.

Sasa sikilizeni vizuri. Chumba kile hakikuwa stoo. Zamani kilihifadhi mashuka, kweli. Lakini kwa miaka sita kililaza watoto waliozaliwa kabla ya siku zao. Mazoea yana tabu, jamani. Kuanzia daktari hadi mfagizi, wote waliendelea kukiita stoo. "Mtoto wa stoo kaamkaje?" Ndivyo walivyosalimiana. Mhandisi alikuwa mgeni. Aliandika stoo, na stoo haipelekewi joto.

Mchoro ulipoletwa, Mzee Joto aliukagua bomba kwa bomba. Neno stoo likapita machoni pake bila kumgutusha. Akatia sahihi.

Msimu wa baridi ulipoingia, boila ya zamani ikazimwa, mpya ikawashwa. Wodi zote zikapata joto. Chumba kile kikapoa. Asubuhi muuguzi mkuu akamwita, akidhani ni hitilafu ndogo. Mzee Joto akapanda ngazi, akapapasa dari akitafuta tundu la hewa. Hakuna. Akashuka polepole.

"Nimewasahau kwa mdomo wangu mwenyewe," akasema.

Watoto wakahamishwa saa ile ile. Mmoja, wa siku nne, hakuiona jioni.

Daktari alisema mtoto alikuwa dhaifu tangu mwanzo. Bodi ikasema mchoro ulifuatwa. Kila mtu akapata pa kujificha, isipokuwa yeye. Akaenda mpaka nyumbani kwa mama wa mtoto.

"Mama, mimi ndiye niliyesema ni stoo."

Yule mama akamtazama sana. "Baba, mwanangu alikuwa na jina," akasema. Akafunga mlango.

Tangu hapo, anasema mkewe, usingizi ulimhama. Aliandika barua hadi wahandisi wakarudishwa. Safari hii alimwingiza mhandisi ndani ya chumba kile, akamvua koti, akamketisha mle hadi meno yakagongana. Mchoro ukasahihishwa. Lakini kazi, wasikilizaji, kazi haijaanza. Watoto bado wamebanwa kwenye kona ya wodi ya wazazi.

Siku zake za mwisho alikuwa hoi kwa kifua. Bintiye ndiye aliyemuuguza. Anasema: "Baba hakuulizia dawa. Aliuliza, 'Wameshaweka bomba la joto?' Nikamdanganya, nikasema ndiyo. Akaniambia, 'Basi niinue, mwanangu. Nipeleke nikauguse ukuta wa chumba kile.'"

Hakufika.

Mama mjane, pole sana. Binti, pole, usijihukumu. Nawe mama uliyefunga mlango, hatujakusahau. Mungu awape nguvu.

Sisi tuliobaki, tujiulize: ni nani tumemwita kitu kwa mazoea tu, hata tukaacha kumwona? Na ninyi wa bodi, kama mnatusikia: binti huyu alimdanganya baba yake kwa mapenzi. Baridi inarudi mwezi ujao. Uwongo wake, ni ninyi tu mnaoweza kuufanya ukweli.