Soko Nililolikabidhi Tupu

Sogeeni karibu, wanangu, sauti yangu siku hizi haifiki mlangoni, na wewe kitinda mimba acha kunipangia mito, mgongo uliolala miezi miwili hauna tena upande mzuri. Mjomba wenu naye aingie, aketi hapa miguuni pangu, maana ninayotaka kusema yanamhusu.

Nianze na mali, nisije nikakata kauli kabla sijaigusa. Nyumba hii ni yenu wawili, sawa kwa sawa, na chumba cha uani ni cha mjomba wenu maadamu yu hai. Kiwanja cha bondeni ni cha kitinda mimba, aliyekaa nami dada yake alipokuwa akizunguka na miradi. Binti yangu, usinune. Urithi wako ni mzito zaidi, tulia uusikie.

Mmekua mkisikia habari za soko la mboga nililolisimamia, vibanda mia mbili na kumi na viwili, paa, mifereji na vyoo, kazi ikaisha wiki tatu kabla ya siku iliyopangwa, wakubwa wakakata utepe na mimi nikapigiwa makofi. Ambacho hamkuambiwa ni kwamba kabla hatujachimba msingi, mjomba wenu, aliyekuwa mpimaji wangu, alinijia akasema, "Dada, twende tukakae soko la zamani wiki mbili, tuhesabu vikapu vinavyotupwa jioni kwa kuoza. Tusipojua akina mama wanapoteza nini leo, kesho tutajuaje kama tumewafaa?" Nami nikamjibu mbele ya mafundi wote, "Tumeletwa kujenga, hatukuletwa kuhesabu nyanya." Wakacheka mpaka wakashika mbavu. Juma lililofuata nikamwondoa kazini, nikaandika kwamba anachelewesha mradi. Mdogo wangu, tumbo moja.

Kizuri chajiuza, nilijisemea, nikahamia mradi mwingine, na mwingine, nisirudi hata siku moja kutazama. Nilipostaafu ndipo nilipokwenda kununua mboga kama watu wengine, nikakuta mbuzi wamelala juu ya meza zangu, na akina mama wamepanga bidhaa chini, nyuma ya ukuta, kando ya barabara, jua linawachoma na magari yanawapita puani. Nikamuuliza mmoja, kwa ukali wa mwenye mali, mbona hamkai ndani? Akanitazama kama niliyeshuka kutoka mawinguni. "Mama, mabasi yanashusha watu huku. Huko ndani tumuuzie nani, mbuzi?" Akanieleza kwamba mwaka uliopita lori lilipanda pale walipoketi, likamponda mguu mwenzao, muuza mchicha, ukakatwa juu ya goti. Nikauliza kibanda chake kilikuwa namba ngapi. Sabini na moja. Hatua thelathini, wanangu, nilizihesabu, kutoka kibanda kile hadi pale alipoangukia.

Uchovu ulionishika siku ile haukuniacha tena. Huu wa kitandani ni mdogo wake tu.

Nikaenda kwa mjomba wenu, miaka kumi na tisa hatujasalimiana. Alisimama mlangoni, akaniuliza neno moja, "Umehesabu?" Nikasema bado. "Basi kahesabu kwanza." Mtaka cha mvunguni sharti ainame; nikainama, wiki tatu barabarani na daftari, vikapu kumi na kimoja vya kutupwa kila jioni. Nilipompelekea, akavaa viatu. Tukala mwaka na nusu wa njoo kesho katika korido za halmashauri, hadi ukuta wa nyuma ukabomolewa na lango likatazama kituo cha mabasi. Miezi sita baadaye tukahesabu tena: vikapu vinne. Vibanda themanini bado vitupu. Na mguu haukuota.

Lakini radhi sikumwomba. Nilijificha nyuma ya kazi. Nilimwaibisha mbele ya watu, basi nanyi muwe watu wangu leo. Mdogo wangu, ulisema kweli, nami nilijua ni kweli, ndiyo maana nilikufukuza. Nisamehe. Usijibu... nimeona ulivyoinamisha kichwa, inanitosha.

Binti yangu, nipe maji kidogo. Ee. Keshokutwa unakabidhi wodi ya wazazi. Jana nilikusikia kwenye simu, vitanda arobaini, taa, rangi, vyote tayari, nikangoja utaje ni wajawazito wangapi hurudishwa mlangoni kwa kukosa nafasi, hukutaja, wala hukutaja wakunga wa kukaa na vitanda hivyo. Usitie saini kabla hujaandika jina la atakayehesabu baada ya nusu mwaka, na jina la atakayerekebisha akikuta hali ni ile ile. Watakuita mchelewesha kazi. Itika.

Kitinda mimba, yule muuza mchicha, kila Jumamosi asubuhi nilikuwa nikimshushia magunia. Nenda wewe. Usimwambie nimekutuma.

Na mimi... nikishazikwa, hotuba ziwe fupi. Nusu mwaka ukipita, kaeni watatu, mwulizane kama kugawa kwangu kumewafaa au kumewagombanisha. Palipo kombo, panyoosheni. Msiseme ndivyo alivyotaka marehemu; marehemu alikosea mengi, tena kwa haraka.

Mungu awape miguu ya kurudi mlikopita. Radhi zangu nawaachia... msizigawane, kila mmoja azichukue nzima. Mdogo wangu, mkono wako uko wapi? Mbona... ah, upo. Basi. Niacheni sasa, nilale.