Sensa Kwenye Kikombe cha Chai

Karibuni, wasikilizaji wapendwa, mlio jikoni, kazini na hata mliojilaza. Leo tunamkumbuka fundi wa injini za dizeli, aliyetutoka wiki hii baada ya kuugua. Gereji nzima ilimwita Fundi Kikombe. Kwa nini Kikombe? Tulieni, niwasimulie.

Alikuwa mwanamke wa maneno machache na kichwa kigumu. Kwake kifaa hakibadilishwi kabla hakijapimwa. "Kubahatisha waachieni wacheza kamari," aliwaambia wenzake. Msimamo mzuri. Lakini siku moja nusura umponze.

Siku hiyo mdogo wake, dereva wa lori, alikuwa anapeleka mitungi ya oksijeni hospitali. Na katika hospitali hiyohiyo, wasikilizaji wapendwa, alikuwa amelazwa mama yao mzazi. Alikuwa anapumua kwa mtungi. Wauguzi walishamwambia dereva: mitungi iliyobaki haivuki usiku.

Lori likazima mlimani. Fundi akaja mbio na lori la gereji, la aina ileile. Akapima njia ya mafuta. Akapima nyaya. Mwisho akafungua sensa ya krenki, kidude cha ukubwa wa kidole gumba kinachoiambia kompyuta ya gari kwamba injini inazunguka. Kikinyamaza, injini inazima. Akakipima kwa mita, kikasoma vizuri.

"Sensa haina neno," akasema. Akakirudisha, lori likawaka, wakaondoka wakifuatana. Mwinuko uliofuata, likazima tena.

"Dada, badilisha tu hiyo sensa," mdogo wake akamsihi. "Mama anatuishia."

"Nimeipima."

"Ipime tena, basi."

Akaanza upya. Mafuta, nyaya, kisha sensa. Ikasoma vizuri. Jua linashuka, simu haina mtandao, na mdogo wake anazunguka lori kama kuku anayetafuta pa kutagia. Fundi akamwambia atulie, amimine chai ya moto iliyokuwa kwenye chupa. Akapokea kikombe. Kikamuunguza vidole.

Hapo akili ikamfunguka. Injini ilizima ikiwa na moto. Yeye sensa aliiacha mwisho, akaipima imeshapoa. Mara zote mbili, imeshapoa.

Akaichovya ncha yake kwenye chai, nyaya za mita zikiwa zimeshikizwa. Wakakodoa macho. Namba zikatulia. Zikaendelea kutulia. Kisha zikaanza kurukaruka, na mwisho mita haikusoma kitu kabisa. Sensa ilikuwa mbovu. Ikipata joto inakufa, ikipoa inajifanya nzima.

Mpya hawakuwa nayo. Akafungua ya lori la gereji, akaifuta, akaifunga kwenye lori la mitungi, akakaza bolti. Likawaka. Mdogo wake anasimulia: "Nikamwambia, dada, panda twende kwa mama. Akaniambia, ile mbovu chai imeimaliza kabisa, hili la gereji sasa haliendi, na liko kwenye kona. Nikiliacha litaua watu. Nenda wewe."

Akabaki peke yake, anapunga kitambaa kuyaonya magari. Hakujua kama mama yake yu hai. Alijilaumu kwa muda alioupoteza. Hakuwahi kuogopa hivyo maishani, na hilo alilisema mwenyewe.

Giza lilipoanza kuingia, mdogo wake akarudi na sensa nyingine. Fundi hakuthubutu kuuliza. Alimtazama mdomo tu.

"Mama anapumua vizuri," mdogo wake akasema. "Ila kanuna. Anauliza, dada yako ana kazi gani ya maana hata ashindwe kuja kunitazama?"

Fundi Kikombe akakaa chini kwenye lami, akacheka, akalia. Kisha akamwapisha mdogo wake: mama asiambiwe kamwe jinsi hewa ilivyokaribia kumwishia.

Mama huyo, wasikilizaji wapendwa, yu hai mpaka leo. Juzi amemzika binti yake. Pale makaburini ndipo mwanawe alipomweleza yote. Mama akasema, "Nilimnunia mwezi mzima. Na alikuwa anakuja kunichana nywele, hasemi."

Mama, pole sana. Pole mdogo mtu, poleni nyote wa gereji. Tunalia pamoja nanyi.

Nanyi mnaonisikiliza, yupo mtu ambaye hakuja siku uliyomhitaji. Mtafute leo, angali anaweza kujibu. Muulize alikuwa wapi.