Ngano Ambayo Haikuibwa

Mchungaji, sheikh wetu, majirani wa Kisugu, wafanyabiashara wa Kikuubo, na nyote mlioacha shughuli zenu leo Jumatano tarehe 12 Juni 2024 mkaja kukaa nasi, historia hii inasomwa na Vera, mtoto wa kwanza wa marehemu, kwa niaba ya mama yake na wadogo zake, na inasomwa kwa Kiswahili kwa sababu marehemu mwenyewe aliagiza hivyo, ili kila aliye katika uwanja huu aelewe, Mjaluo, Mnubi na Muganda. Aliagiza pia isomwe hapa hapa, kabla gari halijaondoka na jeneza kwenda Alego, kwa kuwa kule nyumbani hakuna anayemfahamu mtu ambaye sehemu kubwa ya historia hii inamhusu. Juzi familia ilikaa, na baadhi yetu, akiwemo huyu anayewasomea, tuliomba sehemu hiyo irukwe, tukasema msiba una heshima yake, lakini Mama alituambia kwamba kama haisomwi yote basi isisomwe kabisa.

Marehemu Zablon Oloo alizaliwa tarehe 14 Agosti 1956 huko Alego, Siaya, nchini Kenya, akiwa mtoto wa nne wa Mzee Odindo, fundi wa baiskeli, na mkewe Mama Risper, ambao wote wametangulia mbele za haki. Alisoma shule ya msingi pale kijijini kuanzia 1963 hadi 1970, akaendelea na sekondari mjini Kisumu hadi 1974, ambako mwalimu wake wa darasa aliandika katika ripoti ya mwisho kwamba kijana huyu ni mwepesi wa hesabu na mzito wa kukubali kosa, na ripoti hiyo ipo, tumeikuta kwenye sanduku lake wiki hii, hatukuitunga sisi.

Mwaka 1976 aliajiriwa Mombasa kama karani wa kuhesabu mizigo bandarini, na mwezi Machi 1987, vita vikiwa vimekwisha na maduka ya Kikuubo yakifunguliwa moja baada ya jingine, alikuja Kampala kumfanyia kazi mwuza chumvi mmoja aliyekuwa akipata hasara bila kujua inatokea wapi. Oloo aliijua inakotokea ndani ya wiki mbili. Alizichukua invoisi za wenye malori, akaziweka kando ya karatasi za mpakani na za getini, akakuta mtu anadai malipo ya siku tatu za kusubiri Malaba ilhali muhuri unaonyesha alivuka siku ile ile aliyofika, akakuta safari moja imedaiwa mara mbili kwa namba mbili tofauti, akakuta tani zilizolipiwa ni nyingi kuliko zile ambazo lori lenyewe lingeweza kubeba bila kuvunjika. Habari zikaenea, wenye maduka wakaanza kumletea mafaili yao chini ya kwapa, wakampa jina la Oloo Mizani, na jina hilo alilipenda kuliko ilivyompasa. Mwaka 1991 alichukuliwa na kampuni moja ya kusaga ngano, ambayo wajumbe wake wapo nasi hapa na kwa heshima yao hatutaitaja, akapewa kazi moja tu, kuhakikisha nauli ya kuileta ngano kutoka Mombasa haiimezi kampuni, na kazi hiyo aliifanya hadi alipostaafu tarehe 31 Desemba 2016.

Marehemu alifunga ndoa kanisani, Kisumu, tarehe 18 Desemba 1982, na Bi. Peres Akoth, ambaye ndiye huyu mjane wake, na Mungu akawajalia watoto watatu, Vera aliyezaliwa 1984, Travis aliyezaliwa 1989, na Whitney aliyezaliwa 1993. Walihamia Kisugu mapema mwaka 1989, wakapanga nyumba iliyopakana ukuta na boma la Mzee Abdul-Latif, Mnubi, mwenye lori moja na trela lake, mtu wa maneno machache, na mkewe Safinah. Siku aliyozaliwa Travis, tarehe 3 Novemba, mvua ilikuwa imefunga njia na hakuna teksi iliyokubali kushuka huku bondeni, akawa ni Mzee Abdul-Latif aliyempandisha Mama kwenye lori lake na kumfikisha hospitali. Oloo hakuisahau fadhila hiyo, na mwaka 1992 ni yeye aliyempeleka jirani yake kwa wakubwa wa kampuni akamwombea kazi ya kubeba ngano.

Ngano hiyo ilikuja bila magunia, imemwagwa ndani ya trela na kufunikwa turubai, kwa hiyo hakukuwa na kitu cha kuhesabu isipokuwa uzito. Oloo alibuni njia iliyosifiwa sana, lori lililosheheni lilipimwa Mombasa, likapimwa tena likiingia Kampala, naye akatoa namba moja kwenye nyingine, na tofauti ikizidi kilo mia mbili mwenye lori alikatwa malipo. Kwa njia hiyo aliwanasa wezi wa kweli, watu waliokuwa wakiuza ngano njiani kwa debe, na gharama zikashuka. Lakini mwaka 1994 karatasi zilianza kuonyesha kwamba lori la Mzee Abdul-Latif linapungua zaidi ya kilo mia nne, safari baada ya safari, saba mfululizo, wakati malori mengine yalipungua mia moja au pungufu.

Kikao kilifanyika tarehe 22 Septemba 1994, mbele ya wakubwa wa kampuni na wenye malori wote, na Oloo ndiye aliyesoma namba. Siku zake za mwisho alisimulia kwamba asubuhi ile alijiona mtu wa haki kabisa, mtu asiyependelea hata jirani, na kwamba alisoma kwa sauti kubwa makusudi, ili pasiwe na mtu wa kusema amemficha rafiki yake. Mzee Abdul-Latif alipopewa nafasi alisimama akasema, "Mimi hapana iba. Gari yangu iko na tenki mbili, Bwana Oloo. Pima yeye tena." Watu walicheka, kwa sababu hawakuona tenki la dizeli linahusiana vipi na ngano, na Oloo naye akatabasamu, akaandika kwenye kumbukumbu za kikao maneno mawili, hana maelezo.

Mzee Abdul-Latif alikatwa malipo ya safari zote saba, akanyang'anywa kazi, na kabla ya wiki kuisha Kikuubo nzima ilikuwa imejua, kwani Oloo Mizani akishasema umepunguza, nani angekupa mzigo wake tena. Mwaka 1995 aliuza lori, binti yake Nuriat akaacha shule akiwa sekondari mwaka wa tatu, naye mwenyewe, katika umri wa miaka hamsini na mbili, akaenda Ggaba kubeba makasha ya samaki kutoka majini hadi sokoni, akirudi na shati linalonuka, akipita mbele ya geti letu. Mwaka huo huo wa 1995 marehemu alipandishwa cheo kuwa mkuu wa ukaguzi wa usafirishaji, na nyumba hii ambayo mmekaa mbele yake, tuliyokuwa tumeipanga kisha tukainunua, na karo iliyomsomesha huyu anayewasomea hadi chuo kikuu, vilitokana na cheo hicho. Tunalisema hili na nyuso zetu zinawaka.

Tarehe 9 Machi 1999 Oloo alikuwa Mombasa kikazi, kwenye mizani ya magari, na dereva mmoja aitwaye Owuor. Owuor alipima lori lake likiwa limesheheni, akaenda kujaza dizeli, kisha akagundua karatasi yake imegongwa tarehe ya jana, akarudi kupima upya. Namba ya pili iliizidi ya kwanza kwa kilo mia tatu na hamsini, na hakuna punje moja iliyokuwa imeongezwa. Oloo, mtu aliyekagua maelfu ya karatasi za uzito, hakuwahi hata siku moja kufikiri kwamba dizeli nayo ina uzito, na kwamba mizani haijui kutofautisha mzigo na tenki. Akaelewa yote pale pale. Mzee Abdul-Latif aliweka tenki la pili katika ile miaka ambayo dizeli ilikuwa haipatikani Uganda, akabaki na mazoea ya kuyajaza yote mawili kabla ya kupima na kutonunua hata lita moja njiani, hivyo zile kilo mia nne na zaidi zilikuwa dizeli iliyoungua barabarani, wakati wenzake wenye tenki moja walijaza Nairobi, wakajaza tena Eldoret, wakafika Kampala na uzito karibu ule ule waliotoka nao. Oloo alikaa juu ya tairi lililolala pale, na Owuor akamwuliza kama anaumwa.

Aliporudi Kampala aliibadilisha fomu. Kuanzia Aprili 1999 kila lori lilipimwa hapa mara mbili, likiwa limejaa na likiwa tupu baada ya kushusha, ili uzito wa ngano ujulikane peke yake bila dizeli, na toka hapo hakuna msafirishaji aliyekatwa bila kosa, na mwaka 2001 kampuni ilimpa cheti kwa kudhibiti gharama, cheti ambacho wengi wenu mmekiona sebuleni. Fomu aliirekebisha, mtu akamwacha vile vile alivyokuwa. Alisimulia kwamba mwanzoni aliogopa kufukuzwa kazi, baadaye akajisemea watoto wamalize shule, baadaye miaka ikawa mingi mno hata akaona aibu ya kunyamaza imeshaizidi aibu ya kukosea. Kila Ramadhani alipeleka sukari kwa jirani, na kila Ramadhani Mama Safinah aliipokea na kumshukuru, na yeye alirudi nyumbani hana hamu ya kula.

Mzee Abdul-Latif alifariki tarehe 5 Mei 2011, akazikwa Bombo siku iliyofuata, na Oloo alikwenda kuzika. Kama ilivyo desturi ya ndugu zetu Waislamu, sheikh aliuliza mbele ya watu wote, mwenye kumdai marehemu aseme, au amsamehe. Watu wakageuka taratibu wakamtazama Oloo. Alisimama, na kwa maelezo yake alisimama akiwa na nia ya kusema ukweli, lakini alipoona macho yote yale mdomo ukatoa neno jingine, akasema kwamba ile habari ya ngano imekwisha, yeye na kampuni wamemsamehe. Watu wakamsifu, wakasema huyu ni muungwana kweli, na Abudu, mtoto wa Mzee Abdul-Latif, akaja akampa mkono wa shukrani kwa kumsamehe baba yake. Oloo alisema katika maisha yake yote hajafanya jambo baya kuliko kuupokea mkono ule.

Februari 2022 iligunduliwa kwamba figo zake zimeharibiwa na presha ya muda mrefu, akawa anasafishwa damu mara mbili kwa wiki, na mwezi Aprili mwaka huu hali ilizidi akalazwa. Mama Safinah alikwenda kumwona mara mbili na chupa ya uji, na mara zote mbili marehemu alifumba macho akajifanya amelala, na hilo pia aliagiza liandikwe. Kuanzia tarehe 2 Juni, kwa alasiri tatu, alimsimulia Vera haya mliyoyasikia ili ayaandike, akimkatiza kila alipojaribu kulainisha neno, na alimwonyesha zilipo karatasi mbili za mizani za mwaka 1999, ambazo alizitunza miaka ishirini na mitano. Alifariki Jumapili tarehe 9 Juni 2024, saa tano asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na saba.

Jana Mama alimfuata Mama Safinah jikoni kwetu, ambako tangu Jumapili amekuwa akiwapikia chai nyinyi waombolezaji, akamweleza yote, kwa kuwa hatukutaka ayasikie kwanza hapa. Mama Safinah hakuacha kuosha vikombe. Alisema, "Mama Vera, mimi nilijua siku mingi. Bwana yangu alisema ni mafuta, mpaka alikufa alisema ni mafuta. Lakini wewe hapana sema kwa mimi. Sema mbele ya watu, kwa sababu mbele ya watu ndiyo walimwita mwizi."

Kwa hiyo tunasema mbele yenu. Mzee Abdul-Latif hakuiba ngano, si gunia, si debe, si konzi moja. Aliyekosea ni baba yetu, alikosea kwa namba, kisha akaujua ukweli na kuuficha, na sisi tuliishi vizuri juu ya kosa hilo. Ule msamaha alioutoa Bombo tunaufuta leo, kwa sababu hakukuwa na jambo la kusamehewa, na mwenye haki ya kuombwa msamaha alikuwa amelala pale ndani ya sanda. Zile karatasi mbili tumemkabidhi Abudu, na kampuni tumeiandikia barua jana kuomba yale maneno mawili yaondolewe kwenye kumbukumbu zake na malipo ya safari saba yarudishwe kwa wenyewe, na kampuni isipoyarudisha, watoto wa Oloo watayarudisha. Abudu, Nuriat, hatuna uso wa kuwaomba mtuombee lolote kwa baba yenu, tunawaomba radhi tu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia marehemu kwa miaka miwili bila kuchoka, majirani wa Kisugu waliochanga, waliopika na waliolala nasi, wafanyakazi wenzake waliokuja leo na ambao sasa huenda wanajuta kuja, dereva Owuor aliyesafiri kutoka Eldoret, na zaidi ya wote Mama Safinah, ambaye alijua alichotutendea mtu huyu na bado akawasha jiko letu asubuhi tatu mfululizo.

Mzee Abdul-Latif, jirani yetu, pumzika kwa amani. Nawe Baba, pumzika, hiyo amani tutazidi kukuombea.