Njia ya Kuludi Ngulyati

Mtu wa kwanza kuisimulia habari hii ni Elizabeth, mke wa Ngassa muuza kahawa, mwezi wa Julai mwaka 2024, na yeye aliipata kwa mumewe jioni ile ile ilipotokea. Kijiwe cha Ngassa kilikuwa Bariadi mjini, ukutani mwa duka la pembejeo, penye benchi refu na jiko la mkaa. Wateja wa kila siku walikuwa wawili: Thomasi fundi simu, aliyeitwa Bando kwa kuwa aliuza pia vifurushi vya intaneti, na Joakim, aliyeitwa Mkaguzi kwa kuwa hakuna jambo asilolitilia mashaka. Wiki ile Ngassa alikuwa mzito wa maneno. Jumamosi ukoo ulikuwa ukutane Ngulyati kumaliza msiba wa kaka yake, Bundala, aliyefuata nyayo za ng'ombe walioibwa kuelekea Mwandoya miaka mingi nyuma na asionekane tena. Kwa kuwa mwili haukupatikana, zingezikwa nguo zake. Ngassa, mdogo wake, ndiye aliyetakiwa kutamka kwamba kaka amekufa.

Gloria, mtoto wa dada yake Ngassa, alifika na kompyuta yake mpakato akaketi mwisho wa benchi.

— Mwangaluka, mjomba, alisalimia kwa Kisukuma.

— Mwangaluka, mayu. Tovuti yako ya mifugo na mbegu inaendeleaje?

— Watu wanaingia, mjomba! Na sijalipia tangazo hata moja.

Bando akacheka.

— Bila kulipia? Umewapulizia dawa?

— Nimewasikiliza. Google inanionyesha maneno ambayo watu waliandika wakitafuta, tovuti yangu ikajitokeza. Nikaona wengi hawaandiki kama vitabuni. Wanaandika "dawa ya kupe Baliadi", "mbegu za pamba Masuwa". Basi kila swali nalitengenezea ukurasa wa kulijibu, na maneno yao nayaweka humo humo, na hizo "l" zao penye "r".

— Mwalimu wako wa Kiswahili akiona ataanguka, alisema Mkaguzi.

— Wewe mwenyewe juzi umeniandikia "nakuja kesho asubui na pikipiki ya lafiki".

— Hiyo ilikuwa simu, ina kidole chake.

Walicheka wote isipokuwa Gloria. Akaigeuza kompyuta kumwelekea Ngassa.

— Mjomba, kuna hili. Linarudi kila siku wiki hii.

Ngassa akasoma polepole, midomo ikicheza: *njia ya kuludi ngulyati kupitia josho.*

Birika likabaki mkononi mwake. Josho la ng'ombe la Ngulyati lilifukiwa zamani, na njia iliyopita pale ililimwa, sasa ni shamba la mahindi. Mtoto wa siku hizi hajui kama palikuwa na josho.

— Mzee fulani tu huyo, alisema Bando. Kakumbuka kwao.

— Mzee wa kwao anauliza njia ya kwao? Mkaguzi akauliza.

— Basi roboti. Siku hizi kuna akili mnemba, zinasoma kila kitu halafu zinauliza-uliza zijifunze.

— Roboti lijue josho?

— Linaona kwa satelaiti. Linaona mpaka chini ya udongo. Linaweza hata kumwona aliyekanyaga pale zamani!

— Bando, kunywa kahawa. Mkaguzi akashusha sauti. Mimi nasema hivi: mnataka kuzika nguo za mtu. Mwenye nguo amesikia. Watu wa zamani walikuwa wanakuja ndotoni. Sasa nani analala vizuri siku hizi? Kila mtu yuko kwenye simu. Wamebadilisha njia.

— Mizimu inanunua bando wapi?

— Kwako.

Hakuna aliyecheka. Ngassa alimtazama mpwa wake.

— Haionyeshi ni nani?

— Haionyeshi, mjomba. Inaonyesha nchi tu. Tanzania. Na lipo jingine, la leo.

Akashusha ukurasa. Ngassa akasoma: *ngulyati kwa ngassa bado kuna mbwa.*

— Hili limefikaje kwako? Umeniandika mimi humo?

— Sijakuandika popote. Nina ukurasa wa chanjo ya mbwa Ngulyati, nadhani ndiyo maana.

Ngassa akaketi. Katika ujana wake, nyumbani Ngulyati, alifuga mbwa mwekundu, mkali, aliyeogopwa na Bundala peke yake. Kila Bundala alipotoka safari, alisimama nje ya ua wa minyaa akaita: "Ngassa! Mbwa yupo?" Hakuingia mpaka ajibiwe. Mbwa huyo alikufa mwaka uliofuata baada ya Bundala kupotea.

— Funga hiyo kompyuta, alisema Mkaguzi. Ifunge kabisa.

— Ukifunga, anayeuliza anaacha kuuliza? Bando akajibu, na sauti yake haikuwa ya utani tena.

Pembeni alikuwa amesimama mama mmoja mgeni, kikombe mkononi, akisubiri gari la Mwandoya. Alikuwa amesikia yote.

— Samahanini, alisema. Huyo anayeuliza, mmemjibu nini?

  Gari la Mwandoya likapiga honi, mama akarudisha kikombe, akaenda.

Ngassa akaweka birika jikoni, akamgeukia mpwa wake.

— Gloria. Tengeneza ukurasa.

— Niandike nini, mjomba?

— Andika josho limefukiwa. Asikate shambani, atapotea. Ashike barabara mpaka kanisani, akunje kushoto, ua wa minyaa upo pale pale. Andika mbwa alikufa.

— Niandike "kurudi" au "kuludi"?

— Kama alivyoandika yeye.

Jumamosi wazee walifika Ngulyati, ng'ombe wa kuchinjwa akiwa amefungwa tayari. Ngassa alikataa kutamka neno. Wazee waliondoka kwa hasira, na nguo zikarudishwa sandukuni.

Ngassa yu hai, na Elizabeth yu hai. Gloria yu hai, ana watoto wawili. Mkaguzi yu hai, lakini amehamia Lalago na hanywi tena kahawa ya kijiweni. Bando alifariki kwa ajali ya pikipiki mwaka jana. Yule mama wa Mwandoya hakuulizwa jina, hivyo habari zake hazijulikani. Kuhusu Bundala, ukurasa ule una msomaji mmoja, hufunguliwa kila siku alfajiri, na ukoo haujamweka upande wowote, wa walio hai wala wa waliokufa.